Kigae cha Manjano

Mvua ya kwanza ikishapiga mashamba ya Trans Nzoia yaliyolimwa, udongo mwekundu hutulia chini na kila kitu kigumu hubaki juu. Kila kimoja husimama kwenye kijichuguu chake, kana kwamba mtu amepita usiku akavipanga: changarawe, msumari uliolika, shingo ya chupa, jino la ng'ombe. Ndivyo nilivyokipata kigae changu cha kwanza, upande wa Kiminini, katika shamba ambalo wazee wetu walilinunua kwa hisa baada ya Uhuru. Kilikuwa na upana wa vidole vitatu. Rangi yake ilikuwa manjano, manjano ya ganda la ndizi iliyoiva jana, na tone la mvua lilikuwa limesimama juu yake kama linavyosimama juu ya jani la jimbi, bila kuingia ndani.

Nilikifuta kwa kidole, nikakitia mfukoni. Hatua mbili mbele kulikuwa na kigae kingine, cha hudhurungi, kinene, kilichokwaruzika. Hicho nilikisukuma kando kwa ncha ya buti, nikaendelea na njia yangu. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike.

Kwa Kiswahili, gae ni kipande kikubwa cha chungu kilichovunjika, kile ambacho bibi zetu walichukulia makaa ya moto kwa jirani. Kigae ni mtoto wake. Wajenzi nao wamelichukua neno hilo wakalipandisha kwenye paa na kulitandaza sakafuni, likawa jina la kitu kipya cha fahari. Mimi nalitumia kwa maana yake ya kwanza. Mbao huoza, chuma huliwa na kutu, ngozi huliwa na mchwa. Udongo uliopita motoni hata ukivunjwa vipande elfu, kila kipande hubaki. Plau hukigeuza mwaka baada ya mwaka, ng'ombe hukikanyaga, mahindi huota juu yake, nacho kipo. Ndiyo maana wachimbaji wa mambo ya kale, wawe Kilwa au London, huhesabu vigae kabla ya kuhesabu dhahabu.

Kile cha manjano kilikaa miaka mitatu dirishani kwangu, katika nyumba za walimu, na kila mgeni alikipa kabila lake. Mmoja alisema ni cha Wareno. Mwingine akasema kiliachwa na Waarabu wa misafara, na dhana hiyo haikuwa ya kupuuzwa, kwa sababu misafara ya pwani ilipita nchi hii kweli, na Mumias, safari fupi tu kutoka Bungoma mjini, palikuwa kituo chao kikubwa. Mimi mwenyewe nilipenda hadithi ya Waarabu. Ilikifanya kigae kiwe kikongwe, na mtu aliyeokota kitu hupenda kiwe kikongwe.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Malindi aliyekuja Kitale kumtembelea binti yake aliyeolewa huku. Ujanani mwake alifanya kibarua cha kuosha na kupanga vigae vilivyochimbwa kwenye magofu ya pwani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikampa kigae nikisubiri mshangao wake. Hakukiangalia uso hata kidogo. Alikigeuza, akakisimamisha wima kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Mwanangu," alisema, "uso wa kigae huongopa. Tazama kidonda."

Kidonda ndilo neno lake la pale kilipovunjikia. Sijawahi kulisikia likitumika hivyo kwa mtu mwingine yeyote, na sijapata jingine lililo bora. Akanieleza kwamba kwao pia kuna vigae vya manjano. Vinatoka Gedi, mji wa mawe ulioko msituni karibu na Watamu ambao James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na vinatoka Kilwa na kwingineko pwani: bakuli za manjano ya haradali zenye michoro myeusi, zilizoletwa kwa majahazi kutoka Yemen yapata karne ya 14. "Ukiniwekea uso tu wa kile na wa hiki, naweza kukosea," alisema. "Lakini mwili wa hiki si wa Yemen. Udongo huu umechujwa na mashine."

Hapa sina budi kueleza jambo la ufundi, na namwomba msomaji anivumilie, maana utamu wote wa kigae umo humu.

Udongo uliochomwa peke yake huvuja. Mtungi unaonunuliwa sokoni Chwele hutoa jasho, na jasho hilo ndilo linalofanya maji yake yawe baridi. Mfinyanzi wa Uingereza wa zamani alitaka chombo kisichotoa jasho, cha kuwekea maziwa, mafuta na pombe. Alichukua galena, jiwe lenye madini ya risasi, akalisaga, akalinyunyiza kama unga juu ya chombo au akalikoroga na maji akalipaka kama uji, kisha akakiingiza chombo tanurini. Katika joto linalokaribia nyuzi 1,000 risasi huyeyuka, huungana na mchanga uliomo ndani ya udongo wenyewe, na ikipoa huwa kioo chembamba kilichong'ang'ania chombo. Utando huo nitauita glezi. Kioo hicho hunyonya chembe za chuma kutoka kwenye udongo. Juu ya udongo mweupe kikatoa manjano, na juu ya udongo mwekundu glezi ile ile ikatoa hudhurungi. Mfinyanzi akitia vumbi la shaba, alipata kijani.

Kwa hiyo manjano yale hakuyapaka mtu. Ni udongo unaoonekana kupitia kioo. Ukiangalia uso, unaviona vyote viwili kwa pamoja na hujui kipi ni kipi. Ukiangalia kidonda, vinajitenga: mstari mwembamba unaometa kama ukingo wa kucha, na chini yake mwili.

Nikiisha kulijua hilo, nilianza kusoma kila nilichoweza kukipata, na polepole manjano ya Uingereza yakaacha kuwa rangi moja. Katika kijiji cha Ticknall, jimbo la Derbyshire, tangu karne ya 16 hadi mapema karne ya 18 walifinyanga vikombe, vyungu na vinara vya mishumaa kwa udongo mweupe-maziwa na glezi ya risasi, na penye mkunjo glezi hujikusanya ikawa nzito kama asali. Mpakani mwa Surrey na Hampshire kulikuwa na wengine waliolisha jikoni za London kwa sufuria za udongo zenye miguu mitatu, manjano au kijani. Hao waliionea uchungu risasi yao: mara nyingi walitia glezi ndani peke yake, panapogusa chakula, nje wakaacha udongo mtupu. Vyombo vyao vilivuka hadi Virginia na walowezi wa kwanza wa Jamestown, kwa hiyo mkulima wa Marekani naye huenda akaokota manjano hayo nyuma ya plau. Burslem, katika Staffordshire, walifanya kitu ninachokipenda kuliko vyote, ingawa nimekiona kwenye picha tu: walichovya sahani katika uji wa udongo mweupe, wakachora juu yake mistari ya uji wa kahawia, wakaichana ingali mbichi mpaka ikafanana na manyoya ya kware, ndipo wakaitia glezi. Kidonda cha sahani hiyo husomeka kama ukurasa, kutoka chini kwenda juu: mwili, uji, kioo.

Kisha mfinyanzi Josiah Wedgwood, miaka ya 1760, akayafifisha manjano hayo mpaka yakawa rangi ya malai, akamuuzia Malkia Charlotte, na baada ya hapo mabwana na mabibi wakataka kula kwenye sahani za malai. Kigae cha namna hiyo hutambulika kwa kukipindua: pale kwenye kona ya duara la kitako, ambapo glezi imetulia nene, utaona umanjano-kijani hafifu kama mafuta ya kupikia.

Uzuri huo ulikuwa na bei, na siwezi kuupita kimya. Risasi ni sumu. Watu waliochovya vyombo kwenye pipa la glezi, siku baada ya siku, waliugua: maumivu ya tumbo, viganja vilivyolegea kutoka kwenye kifundo, akili iliyovurugika. Manjano ya jikoni za watu yalilipiwa na mikono ya watu.

Kigae changu sasa. Kidonda chake hakikuwa na mwili mweupe chini ya kioo cha manjano. Mwili wenyewe ulikuwa wa manjano, rangi ya biskuti kavu, kutoka ngozi hadi ngozi, na kioo kilichokuwa juu yake hakikuwa na rangi. Ndani palikuwa peupe, pamepakwa tabaka jembamba la udongo mweupe. Nje palikuwa na mafundofundo ya pembe nne yaliyopangwa kwa ulinganifu ambao mkono hauwezi, yaani yalitolewa kwenye kalibu. Unene ulikuwa karibu sentimita moja. Kila alama ilikataa karne ya 16. Huu ulikuwa udongo uliokuwa ukichimbwa kusini mwa Derbyshire pamoja na makaa ya mawe, udongo ambao ukichomwa huwa wa manjano wenyewe bila kusaidiwa, na vyombo vyake vilitengenezwa kwa wingi katika karne ya 19 na ya 20.

Mwaka uliofuata plau likanipa kitako. Kilikuwa kimegongwa muhuri, na herufi nne zilibaki: R, E, S, L. Nilizikodolea macho usiku mzima chini ya taa. Zilikuwa matumbo ya jina la Church Gresley, mji mdogo wa huko huko Derbyshire, makao ya zamani ya kiwanda cha Mason Cash, ambacho bakuli lake la kukorogea, jeupe ndani na lenye rangi ya muwa nje, lilienea jikoni kote katika dola ya Waingereza. Mreno akaondoka dirishani kwangu, Mwarabu naye akaondoka. Akabaki bibi wa Kizungu anayetaka keki.

Nakiri kwamba nilihuzunika. Nilikuwa nimetaka miaka mia tano, nikapewa sabini.

Ndipo nikampelekea kuka. Kwetu Wabukusu kuka ni babu; huyu alikuwa ndugu mdogo wa babu yangu mzazi, mzee aliyekuwa akiishi nje kidogo ya Kimilili, na macho yake yalikwisha kufifia. "Mulembe, kuka," nikasema, nikamwekea vigae viwili kwenye kiganja. Hakuuliza ni nini. Alivipapasa, akakigonga kile kinene kwa ukucha karibu na sikio lake, kama akina mama wanavyogonga chungu sokoni Chwele kusikia kama kina ufa. Akacheka bila sauti.

"Hiki ni cha keki," alisema.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi alipelekwa kufanya kazi jikoni kwa mlowezi, ng'ambo ya mto Nzoia. Kazi yake ya kila Jumamosi ilikuwa kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, bakuli limebanwa kati ya magoti, akikoroga siagi na sukari mpaka ibadilike rangi. Akanieleza jambo ambalo mimi, pamoja na kusoma kwangu, nilikuwa nimelichukulia kuwa pambo. Yale mafundofundo ya nje, alisema, yaliwekwa ili mkono wenye mafuta usiteleze. "Lisingekuwa na chawa hao lingeniponyoka kila siku." Chawa ndilo jina walilokuwa wamelipa. Lilimponyoka mara moja tu. Lilivunjika kwenye ngazi ile, likazolewa na kutupwa shimoni nyuma ya jikoni, naye akakatwa mshahara wa mwezi na nusu.

Siwezi kudai kwamba vigae vyangu ni vya bakuli lile. Mashamba ya walowezi yalikuwa mengi na bakuli kama hilo lilikuwa kila jikoni. Lakini tangu siku hiyo sikuweza tena kukiita kigae cha Kizungu kwa mkato huo. Aliyekinunua alikuwa Mwingereza na aliyekifinyanga alikuwa Mwingereza. Aliyekijua kwa magoti, kwa viganja na kwa sauti yake alikuwa mtoto wa Kibukusu, na yeye ndiye aliyekitambua nikiwa nimempa vipande viwili tu gizani.

Kulikuwa na kipande cha namna nyingine, na baba yake kuka alikivaa. Kizazi chetu kinalijua neno hilo kwa vitabu vya historia: sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza, ambayo ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara na sahihi ya bwana, ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ilifutwa mwaka 1947. Pamoja nayo kulikuwa na sheria ya mwaka 1918 iliyomtaka skwota amfanyie mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kulima na kulisha mifugo yake michache katika nchi hiyo hiyo. Huwa nalitafakari neno lenyewe. Kiswahili kilikuwa na maneno mengi ya karatasi: cheti, hati, barua, waraka. Watu wakachagua kipande. Sijui kama kulikuwa na neno lingine ambalo lingesema kwa usahihi kama huo kwamba mtu mzima amepunguzwa akawa sehemu ndogo inayobebeka, inayotosha kwa mwenye mamlaka kuiangalia na kudai kwamba amemtambua. Aliyekuwa akisoma kipande alisoma uso. Kidonda hakukitazama.

Mahali ninapojifunza kutazama vyombo ni Makumbusho ya Kitale, yaliyoanza kama makusanyo ya mtu mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa vipepeo, ndege na vitabu, na ambaye mwaka 1926 alifungua makumbusho yake binafsi. Alifariki mwaka 1966, akawaachia Wakenya makusanyo hayo pamoja na fedha za kujenga nyumba mpya, nayo ikafunguliwa mwaka 1974, ya kwanza ya makumbusho ya bara nje ya Nairobi. Nimewapeleka wanafunzi huko mara nyingi. Wanapenda nyoka, wanapenda msitu mdogo ulio nyuma, wanazipenda nyumba za kienyeji zilizojengwa uani. Mimi husimama mbele ya vyombo. Ninachokisifu kwa Stoneham, na nakisifu kwa moyo, ni kwamba alikuwa mtu wa kuandika: mdudu akinaswa lazima ajulikane amenaswa wapi na lini. Mdudu asiye na anwani ni pambo. Kigae nacho ni hivyo hivyo.

Kwa upande wa sheria, kigae changu cha manjano si cha kale. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Milango iliyochongwa ya pwani ina mstari wake wa pekee, imetajwa mpaka ile ya kabla ya 1946. Bakuli la Church Gresley halina mlango wa kupitia. Mwaka huo wa 1895 ndio ambao Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi hii, na huku kwetu una maana nyingine pia. Ndio mwaka ambao Wabukusu walipigwa huko Lumboka, kisha wakapigwa tena ndani ya ngome yao ya udongo juu ya kilima cha Chetambe, karibu na Webuye, na jeshi lililoongozwa na afisa wa Uingereza C. W. Hobley kutoka Mumias. Handaki la ngome bado linaonekana. Watu waliozingirwa nao walikula na kunywa, na walikuwa na vyungu. Vyungu vilivyovunjika siku zile viko juu ya mstari wenyewe wa sheria, nusu huku na nusu kule.

Hapo ndipo kigae cha hudhurungi kiliporudi akilini mwangu, kile nilichokisukuma kwa buti.

Nilirudi shambani. Nilitembea mistari ya mahindi kabla hayajaota, asubuhi nne mfululizo, mgongo umeinama. Sikukiona. Niliona ndugu zake. Kimoja ninacho hapa mezani ninapoandika. Hakina glezi. Uso wake umesuguliwa kwa kokoto laini udongo ukiwa haujakauka, ndipo ukapata mng'ao hafifu unaouona tu ukikiinamisha. Chini ya mdomo kuna ukanda wa vishimo vidogo vilivyolala mshazari, safu kwa safu. Hivyo havikuchorwa kimoja kimoja. Mfinyanzi alisokota kamba fupi ya nyuzi, akaiviringisha kwa kiganja kuzunguka shingo ya chungu kibichi, na kila uzi ukaacha alama yake. Nikikikuza kwa kioo naona hata mahali ambapo mzunguko ulikutana na mwanzo wake na kamba ikapandiana. Mwanamke yule aliinua mkono hapo. Naandika mwanamke kwa kuwa kukhu, bibi yangu, alikuwa mfinyanzi, na kwetu kazi hiyo aliijua kama kazi ya wanawake.

Kidonda chake ni cheusi katikati na chekundu kandokando, alama ya moto wa wazi, wa majani na kuni, unaowaka haraka na kuzimika kabla haujapenya hadi kiini. Ndani ya weusi huo kuna chembe nyeupe za mawe yaliyopondwa na kuchanganywa na udongo ili chungu kisipasuke motoni. Bakuli la Church Gresley halina chembe hizo. Udongo wake umechujwa hadi hauna historia. Chungu hiki kimebeba mto wake ndani yake. Mtu mwenye ujuzi na hadubini huenda akaweza kusema mawe yale yametoka kwenye kijito gani, upande gani wa Mlima Elgon.

Kilifinyangwa na nani? Kabla ya walowezi, mteremko ule ulipitiwa na Wabukusu, Wasabaot na Wamaasai, na kabla yao kuna wale ambao masimulizi huwaita Wasirikwa, walioacha mashimo ya duara kwenye nyanda za juu, ambayo mwanaakiolojia John Sutton alionyesha kwamba mengi yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Trans Nzoia mashimo hayo yamesawazishwa na plau. Nyuma zaidi kuna vyungu vya Urewe, vyenye kishimo kidogo kitakoni kama alama ya kidole gumba kwenye unga, vilivyopewa jina la mahali katika Siaya. Louis na Mary Leakey, pamoja na Arkidikoni Owen, waliandika juu yake mwaka 1948, na baadhi yake vina zaidi ya miaka elfu mbili. Kwa hiyo kigae kilichokuwa chini ya buti langu kingeweza kuwa cha nyanya ya kukhu, au cha mtu aliyeishi kabla hakijawepo kikombe hata kimoja cha manjano kule Ticknall. Kukitambua kulihitaji kidonda chake, na kulihitaji kujua kilikuwa kimelala wapi, karibu na nini, chini kiasi gani. Nilikuwa na vyote viwili mkononi, bure, asubuhi ile ya mvua. Jicho langu lilikuwa limevutwa na king'aacho.

Kuka alifariki kabla sijampelekea kigae cha hudhurungi. Ningependa kujua kama angekigonga, na angesikia nini. Kukhu aliwahi kuniambia kwamba chungu kipya hupikwa uji wa kwanza mzito, usioliwa, ili vitundu vyake vizibwe na unga. Hiyo ndiyo iliyokuwa glezi yake, na haikumuumiza mtu. Nililikumbuka hilo nikiwa na miaka arobaini na kitu, baada ya kujua majina ya sehemu tatu za Uingereza.

Ombi langu ni kwa wanaolima, na kwa watoto wanaofuata plau nyuma, kuanzia Endebess mpaka Bungoma. Ukiokota kigae, kiwe cha manjano au cha hudhurungi, usikioshe kwa nguvu na usikitie mfukoni kimyakimya. Chukua kalamu. Andika jina la shamba, andika ulikuwa upande gani wa kijito, andika siku, andika kilichokuwa kando yake hata kama ni mkaa au jino la ng'ombe. Kitie pamoja na karatasi hiyo katika bahasha, ukipeleke Makumbusho ya Kitale au kwa mwalimu wa historia aliye karibu nawe. Bahasha mbili za kwanza nimezipeleka mwenyewe, moja ya manjano na moja ya hudhurungi, zenye tarehe na ramani niliyoichora kwa mkono. Kile nilichokisukuma kwa buti sijakiona mpaka leo.